Mti Usipande

Monrovia, 14 Januari 2019

Dada Nohn,

Nakusalimu kwa jina la afya na mwaka mpya. Sisi huku hatujambo, ila Kebbeh ana kikohozi ambacho dawa ya duka la chini haijakiweza, na watoto wanasoma vizuri wakipenda. Natumaini goti lako limetulia na huko Gonpa mpunga wa mwaka jana haujaisha.

Sasa tuingie kwenye jambo. Nimeteuliwa kwenye Kamati ya Makazi na Ustawi wa Kaunti. Mimi, Duo wako, niliyekuwa nakuibia karanga. Mji wa Ganta hapo jirani yenu unakua, dada. Tangu lami ifike kila mtu anataka kujenga, na sisi tumekalia ekari kumi na mbili za baba tunapanda muhogo! Nitajenga nyumba ishirini za kisasa, kila moja na jiko lake ndani na maegesho ya gari mbele. Ukoo wetu utakuwa mfano kwa kaunti nzima ya Nimba.

Mwezi ujao atakuja mpima ardhi na vijana wake. Wapikie. Baadaye atakuja dereva wa tingatinga. Ukiona anang'oa kitu usimpigie kelele mbele za watu, maana ninyi wa nyumbani mnatuaibisha sana kwa mambo ya kizamani.

Barua nampa Paye, dereva wa lori la saruji.

Mdogo wako,
Duo


Gonpa, 2 Februari 2019

Duo,

Goti halijambo, linaniuma kama kawaida. Mwambie Kebbeh achemshe majani ya limau, kikohozi cha Monrovia ni vumbi tu na majivuno. Mpunga upo. Mke wa Togar, yule mgeni anayelima kwetu, amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita, nimemzalisha mwenyewe, na wamempa jina langu. Basi sasa kuna Nohn wawili Gonpa, ukichoka na mmoja utamwandikia mwingine.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye neno lenyewe mtandao wako unakatika. Ajabu mtandao huo, unajua hadi maneno ya kukatia.

Ati Kamati ya Makazi. Makubwa! Duo, wewe nyumba uliyopanga Monrovia inavuja, mwaka juzi ulilala na sufuria kifuani, leo unawajengea wenzako ishirini? Na jiko ndani! Moshi utatokea wapi, masikioni? Muhogo wa geebee utatwangwa sebuleni, kinu kikiwa juu ya zulia? Mtu wa Nimba asiyetwanga geebee yake nje majirani wakasikia, hao majirani watajuaje kama amekula?

Mpima ardhi wako alikuja. Kijana mwenye viatu vyeupe. Alikula sahani tatu, kisha akaniuliza mto uko wapi akiwa amesimama ndani yake.

Sikiliza, maana hili silisemi mara mbili. Jenga unachotaka, lakini ile safu ya miti ya sabuni aliyopanda babu kutoka kisimani hadi mtoni usiiguse. Ndiyo mpaka. Na ile mikola, miti mitatu ya kola nyuma ya jiko, wangu, wako na wa marehemu ndugu yetu Gaye, usiiguse. Vitovu vyetu viko chini yake. Hapa mtu haulizwi karatasi, anaulizwa mti. Ndiyo maana mgeni tunampa pa kulima mpunga na muhogo na pilipili, lakini mti hapandi, kwa sababu siku akipanda mti atakuwa si mgeni tena. Ulifundishwa hayo ukiwa na makamasi, sijui kama yalitoka pamoja nayo.

Togar ameniomba jambo moja kuhusu mtoto wake. Nimemwambia nitafikiri. Hilo si la barua.

Nohn


Monrovia, 20 Februari 2019

Dada,

Salamu. Kebbeh amepata nafuu. Majani ya limau hatukuyatumia, tulikwenda kwa daktari.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikasikitika. Miti ya sabuni! Wenzetu wanapima kwa mitambo inayozungumza na angani, dada yangu ananiambia kitovu. Mpima ardhi anasema ile safu imepinda kama mkia wa mbuzi na haiwezi kuwa mpaka wa mtaa wa kisasa. Itaondolewa yote, na mikola pia, kwa kuwa nyumba namba nne inakaa hapo hapo. Badala yake nitachimbia nguzo za saruji zenye herufi za jina langu. Saruji haioti ukungu wala hailiwi na mchwa.

Na kwa heshima zote, nikukumbushe kitu ambacho naona ujane umekusahaulisha. Ulirudi kwa baba ulipofiwa, tukakupokea, ukakaa. Lakini ardhi ya baba hairithiwi na binti. Mimi ndiye mwanamume niliyebaki. Wewe ni wa kutunza tu, na nakushukuru kwa kutunza.

Togar mwambie avune mpunga wake wa mwaka huu kisha atafute pengine. Baba yake alikaribishwa na baba yetu, si na mimi. Miaka arobaini ya ugeni inatosha.

Duo


Gonpa, 17 Machi 2019

Mheshimiwa wa Kamati,

Hatujambo. Kuku wote wamekimbilia kwa majirani kwa ajili ya kelele, wamerudi saba kati ya kumi na mmoja.

Tingatinga lilifika Jumatatu. Nilimpa dereva maji, maana yeye katumwa tu. Nikamwambia, "Baba, ile safu ni mpaka." Akanionyesha simu, sauti yako ikasema, "Ng'oa yote, pawe tambarare." Sauti nzuri kweli, kama ya mtu anayejua anachosema.

Alianza na miti ya sabuni. Mia moja na minne, babu aliihesabu, na baba, na mimi. Kabla ya saa sita ilikuwa imelala. Kisha akaja nyuma ya jiko. Wa Gaye ulikuwa wa kwanza. Wangu ulimsumbua, ilibidi aurudie mara tatu, na mke wa Togar akasema, "Mama Nohn, hata mti wako ni mbishi." Wako, Duo, ulianguka kwa kusukumwa mara moja. Nilikuwa nimesimama pale pale na nililia, sikufichi, nililia mbele ya yule dereva mpaka akazima mashine akaniomba radhi. Yeye aliniomba radhi.

Mizizi ameing'oa na mashimo ameyafukia, kama ulivyotaka. Hakuna hata kisiki. Mti wako vijana wameupasua kuni.

Umeleta pia ubao. Ni mkubwa kuliko nyumba yangu. Umechorwa nyumba zenye majani mafupi ya kijani mbele, na mwanamke mwembamba anamtembeza mbwa kwa kamba. Nani Gonpa amewahi kumtembeza mbwa? Mbwa wa hapa ana miguu yake na anajua njia, tena akimwona mtu wa Nimba ana kamba mkononi hatembei, anakimbia chungu cha supu. Watu wanatoka hata stendi kuja kuucheka.

Nguzo zako sita zimechimbiwa. Moja imeandikwa D.Z. juu chini.

Nohn


Gonpa, 30 Juni 2019

Duo,

Hii ni barua ya nne bila jibu. Mbili za Aprili na Mei Paye anaapa alizitia mkononi mwako, na kwamba moja uliiweka mfukoni ukamwambia unakwenda kikaoni. Kikao gani kinachukua miezi mitatu? Hata wazee wetu wakigombea mke hawafiki huko.

Nyumbani wote wazima. Nohn mdogo ameanza kukaa. Mvua ni nyingi. Ubao wako ulianguka wiki ya pili ya Mei, na mbuzi wanalala chini yake, kwa hiyo usiseme hakuna aliyepata makazi.

Nyumba zako ishirini ni hivi: msingi mmoja, nusu. Una maji hadi kifundo, na vyura. Mafundi wako waliondoka Aprili kwenda kula Pasaka, bado wanakula.

Sasa lenyewe. Siku ya soko, watu wote tukiwa Ganta, Mzee Lakpor wa ng'ambo ya kisima na wanawe walichimbia nguzo zao za saruji, tisa, kutoka kisimani hadi mlangoni kwangu. Herufi zao zimenyooka kuliko zako. Nilipomfuata akaniambia akitabasamu, "Nohn, ardhi hii tangu babu yangu ni yetu, tuliwaazima tu. Kama si kweli, nionyeshe mti wenu." Nionyeshe mti! Mtu ambaye alikuwa akiomba ruhusa kuokota kola zetu!

Wanaoujua mpaka wa zamani wamebaki watatu, wengine vita viliwamaliza. Wawili kati yao ni wa ukoo wa Lakpor. Chifu wa mji ameita kikao cha wazee mwezi wa Septemba, tarehe saba. Wasipotupa haki, Lakpor atanitoa kabla ya mavuno, na makaburi ya baba na mama yataingia kwenye shamba lake.

Njoo. Sikuombi kwa sababu nakupenda leo. Nakuomba kwa sababu wewe ndiye mwanamume uliyebaki, kama ulivyosema.

Nohn


Monrovia, 28 Julai 2019

Dada,

Pole na mvua. Sisi wazima. Nimekawia kwa sababu Kamati inapangwa upya na mambo ni mengi.

Kuhusu Lakpor, usiogope. Nguzo zangu zilitangulia zake, waambie wazee hivyo. Ramani ninayo, ila ipo kwa mshirika wangu ambaye kwa sasa hapatikani. Mimi Septemba sitaweza kuja, nitatuma mtu mwenye uzoefu.

Nauliza tu: ule mti wangu. Wewe ulisema hakuna kisiki, lakini wakati mwingine mkola huchipua kutoka kwenye mzizi uliosahaulika. Ungepita ukaangalia? Hata jani moja wazee wangeliona.

Duo


Gonpa, 12 Septemba 2019

Duo,

Sisi wazima. Mtu wako mwenye uzoefu hakufika, labda uzoefu wake ni wa kutofika.

Nilipita nikaangalia. Nilipita mara nyingi kabla hujaniambia. Hakuna jani.

Kikao kilikuwa Jumamosi, na nitakueleza chote ili usije ukasikia kwa walevi wa stendi. Tulikaa uwanjani kwa chifu. Lakpor alikuja na kofia mpya na wanawe watano, mimi nilikuja na Togar na mkewe na mtoto mgongoni. Watu walikuwa wengi. Wengine walikuja kuangalia tu kama dada wa mtu wa Kamati analia vizuri.

Chifu alimwuliza Lakpor, "Una nini?" Akasema nguzo. Akaniuliza mimi, nikasema nguzo. Chifu akasema, "Saruji ni ya yeyote mwenye bei ya mfuko. Nani ana mti?" Lakpor akacheka. "Huyu? Kaka yake kaing'oa yote kwa mkono wa serikali. Ardhi isiyo na mti ni ya jirani mwenye mti, na mimi mikakao yangu inaonekana kutoka hapa." Ni kweli inaonekana. Mzee mmoja alikwishaanza kushika fimbo yake ainuke kumpa Lakpor haki.

Togar akasimama. Unamjua Togar, mtu wa kusema neno moja kwa wiki. Akasema, "Mti upo."

Akawapeleka chini kwenye mpunga wake, karibu na mto. Pale ndani ya uzio wa vijiti kuna mkola, unanifika gotini. Dereva wako alidhani ni pilipili akaupita. Chini yake kuna kitovu cha Nohn mdogo.

Lakpor akapiga kelele, "Mgeni kapanda mti! Mnaona? Kapanda mti!" Na kweli, Duo, hakuna kosa kubwa kuliko hilo hapa. Chifu akamwuliza Togar kwa ukali, "Nani alikupa ruhusa?" Akasema, "Mama Nohn."

Nilikuficha. Sasa ujue. Lile aliloniomba Togar Februari lilikuwa hilo, apande mti wa mwanawe, na nilikuwa tayari kumkatalia, maana baba asingekubali. Kisha ikaja barua yako ya kwamba ardhi hairithiwi na binti, na kwamba mimi ni wa kutunza tu. Niliisoma mara mbili. Nikaikunja, nikamwendea Togar pale pale nikamwambia, "Chimba." Nilifanya kwa hasira, sitajipamba. Nilitaka uje siku moja ukute mti wa mgeni kwenye ardhi yako ukaukwe na mate.

Lakpor akasema, "Tangu lini mwanamke akatoa ruhusa ya kupanda?"

Chifu alimgeukia Togar. Akamwuliza, "Ulipotaka kupanda, kwa nini hukwenda kuomba kwa Lakpor?"

Togar akashangaa kabisa. "Kwa Lakpor? Baba yangu alionyeshwa shamba hili na baba yake Mama Nohn. Kwa Lakpor ningeenda kuomba nini, moto?"

Watu walicheka hadi mtoto akaamka. "Na wewe Lakpor," chifu akamwambia, "huu mti unakaribia miezi saba, wanao hupita hapa kila siku kwenda kuteka maji. Mgeni anapanda mti kwenye ardhi yako, na hukusema kitu?" Lakpor akaanza kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Wakaamua hivi. Anayeombwa ruhusa ndiye mwenyewe, na mgeni hakosei wa kumwomba, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni na anamjua aliyeifunga. Lakpor ang'oe nguzo zake. Mimi nimetozwa jogoo mweupe na debe la mchele kwa kutoa ruhusa bila kuuliza ukoo. Nimetoa jogoo mnono kuliko waliyemtaka. Togar si mgeni tena, mti wa mwanawe ndio mti wa ardhi hii, na mpaka utapimwa kutoka hapo.

Kuhusu wewe waliuliza swali moja: ni kweli alimwambia dereva ang'oe hata wake mwenyewe? Nikasema ni kweli. Ningeweza kudanganya. Yule mzee wa fimbo akasema, "Basi huyo amejing'oa mwenyewe. Akirudi, arudi kama wanavyorudi wageni." Hakuna aliyembishia, na mimi sikubisha.

Nohn


Monrovia, 20 Oktoba 2019

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na goti, na Togar na mkewe na mtoto. Kebbeh anakusalimu. Anasema anatamani geebee yako na supu ya samaki mkavu.

Nimefurahi kwa haki iliyopatikana. Chifu ni mtu wa busara, ingawa hiyo ya mimi kuwa mgeni nadhani wazee walikuwa wanatania. Damu haigeuki maji.

Nilipaswa kukuambia mapema. Kwenye Kamati sipo tangu Mei. Mshirika alikwenda zake na ramani, na tingatinga, na kila kitu. Hapa tunapokaa mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwisho wa Desemba. Nilisema kikao kila mara kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

Tunakuja nyumbani. Nitajenga nyumba ndogo tu, ya udongo, jiko nje kama unavyopenda. Na jambo la kwanza nikifika nitapanda upya ile mikola, wangu na wako na wa Gaye, na safu yote ya sabuni, mia na minne, kwa mkono wangu. Naahidi. Sema tu nianzie wapi.

Mdogo wako,
Duo


Gonpa, 3 Novemba 2019

Duo,

Tumeanza kuvuna. Mpunga wa Togar ni mzuri, wangu wa wastani. Paye atawaleta nyuma ya lori bila nauli, nimeshasema naye. Mleteni Kebbeh na hicho kikohozi. Chumba cha Gaye nimekifagia. Nilipokuwa nafagia nilikutukana kidogo, kisha nikatandika kitanda.

Watoto wako waje na mbegu za kola, kila mmoja yake. Wao hawajakata kitu, nimewaombea na wamekubaliwa.

Wewe utapewa pa kulima. Mpunga, muhogo, pilipili, hata karanga, maana najua unavyozipenda za watu. Mti usipande. Usiniambie mia na minne, usiniambie hata mmoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na lako limeegemea ukuta wa jiko, lina mpini mpya.

Hata hilo shamba la mpunga ni la kuomba, na usije ukaniomba mimi. Mimi ni binti, sirithi, wa kutunza tu. Mwenye mti ana miezi tisa na ushee, ameota meno mawili na anauma. Utakuja na kola nyeupe kwenye kisahani, utavua viatu, utamchutamia pale mama yake anapomwogesha, utasema mbele za watu, "Nohn, naomba pa kulima." Ukisema vizuri, nitamjibia.

Nohn mkubwa